Mikono ya Mtu wa Barafu

Mama yangu ni dobi, mume wangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha barafu, na mimi nimekaa katikati yao miaka yote hii nikisuluhisha. Mtu akiniuliza kwa nini sinenepi, namwambia akaishi na hao wawili wiki moja, halafu arudi tuongee.

Mama ni mtu wa moto. Asubuhi hata chai hajanywa, pasi zake za chuma ziko juu ya jiko zinapokezana, na pipa la mashuka ya watu linatokota uani. Ukiingia chumba chake cha kazi unatoka umelowa jasho kama uliyetoka kucheza mpira. Mdomo wake nao ni hivyo hivyo. Hana dogo. Mume wangu yeye ni mtu wa kimya. Anavaa buti za mpira na koti zito wakati sisi wengine tunajipepea kwa magazeti, na kutwa nzima kazi yake ni kuzamisha makopo marefu ya maji kwenye tangi la baridi. Maji yakishaganda anayatoa, anachovya kopo kidogo kwenye maji ya uvuguvugu ili barafu iachie bati, kisha analivuta pande zima kwa kulabu. Glavu anazo, ila anasema glavu ikishalowa ni afadhali mkono mtupu. Ndiyo maana mikono yake iko vile.

Ngoja niieleze hiyo mikono, maana imeniletea maneno kuliko kitu kingine chochote nyumbani kwetu. Ni mikono mizuri, mipana, yenye kucha safi, lakini ina baridi ya kukushtua. Siku alipokuja kunichumbia alimpa mama mkono kwa heshima zote, na mama akauachia haraka kana kwamba ameshika bomba la maji alfajiri. Hakungoja hata wageni wafike getini. "Mwanangu, watu wote waliojaa duniani, wewe ukaona uolewe na jokofu?"

Tangu hapo tukiwa wawili anamwita "huyo wako wa barafu". Wa barafu amerudi? Wa barafu amekula? Mbele yake ni "baba" na adabu zote, maana mkwe ni mkwe, lakini mkono hampi tena. Wakikutana mlangoni anamsalimia kwa mbali, na mikono yake ghafla inajifanya ina kazi ya kufunga kilemba.

Mume wangu hakuwahi kulalamika. Ila kuta zetu ni nyembamba, na masikio anayo. Akaanza tabia moja: akirudi kazini, kabla hajanigusa, anakwenda jikoni na kulikumbatia birika la chai kwa viganja viwili, anasimama hapo ameinamisha kichwa mpaka apate joto la kukopa. Nilipopata mimba, akawa analigusa tumbo langu kwa kiwiko. Kwa kiwiko, jamani! Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

"Sitaki kumshtua," alisema. Nikaacha kucheka, maana niliona hatanii.

Binti yetu hakungoja siku zake. Mimi ni mshonaji, na asubuhi hiyo nilikuwa kibandani kwangu barabarani, kwenye cherehani, namalizia kigauni chake, nikasikia maji yamenimwagikia miguuni, na bado miezi miwili. Jirani wa kibanda cha pili alinikimbiza hospitali, na mwanawe akakimbia nyumbani kumpa mama habari. Mama alikuwa uani kwenye pipa lake. Kusikia tu, akafunua mfuniko bila hata kurudi nyuma, eti achote maji auzime moto haraka aje. Maji ya moto angeyaona akayakwepa. Mvuke hauonekani mpaka umeshakupata. Ulimpiga kuanzia shingoni hadi kifuani, na ngozi ikavimba malengelenge hapo hapo.

Kwa hiyo mama alifika hospitali kwanza kama mgonjwa, ndipo akawa bibi. Wakamfunga bandeji kifua kizima, naye huku anafungwa anamwelekeza daktari namna ya kukunja ile bandeji isijikunje pembeni. Mimi nilikuwa nimeshapasuliwa. Nilizinduka na homa kali, meno yanagongana, hata kikombe nikishika kinamwagika. Ukituangalia pale wodini utadhani tumepangwa: mama kaunguzwa na mvuke, mume ni mtu wa barafu, na mimi kitandani natiririka jasho kama mtungi uliopasuka. Nilitaka kulia, nikaishia kucheka, na mshono ukaniuma.

Mtoto alikuwa mdogo, sijui niseme mdogo kama nini. Kile kigauni nilichomshonea kingemtosha yeye na wenzake wawili. Nesi wetu, dada mmoja mrefu mwenye tabia ya kuchomeka kalamu kwenye nywele, alimwita Punje, na jina likashika. Mashine za joto za watoto njiti zilikuwa mbili tu, na zote zina wenyewe, tena wadogo kuliko wetu. Siku ya pili asubuhi nesi akaja na kipimajoto, akamwekea Punje kwapani, akasubiri, akasoma, akakunja uso.

"Thelathini na tano," alisema. "Nataka thelathini na sita na nusu. Huyu hana mafuta mwilini na hajajua bado kujitengenezea joto. Hata hicho kidogo alichonacho kinamkimbia kila upande. Kinaingia kwenye godoro, kinachukuliwa na upepo wa dirisha, nepi ikilowa ndiyo kabisa. Akiendelea kupoa atachoka hata kunyonya, na akichoka sana anaweza kusahau kupumua. Anatakiwa kifua cha mtu. Ngozi kwa ngozi, mchana na usiku."

Akanitazama mimi. Nilikuwa natetemeka mpaka kitanda kinalia. Akamtazama mama na bandeji zake. Ndipo sote watatu tukageuka kumtazama mume wangu, aliyesimama karibu na mlango, mikono nyuma.

"Mimi siwezi," alisema. "Mimi ni baridi."

"Hilo ni kweli kabisa," mama akadakia. Tangu nimeolewa, hilo lilikuwa jambo la kwanza hao wawili kukubaliana. "Nesi, wewe humjui. Huyu atamgandisha mtoto wa watu."

Nesi alifungua mdomo ajibu, lakini chumba cha pili mtu alipiga ukelele wa uchungu na nesi mwenzake akamwita mbio. "Narudi sasa hivi," alisema akiwa tayari mlangoni. "Mtoto asikae hivyo hivyo!"

Basi. Kumwambia mama yangu kwamba kitu kisikae hivyo hivyo ni sawa na kumkabidhi nyumba. Usiku alikuwa amerudi kulala nyumbani, na asubuhi hiyo alikuja na kapu lenye mfuniko, ndani mna mablanketi matatu mapya aliyoyapiga pasi nyumbani alfajiri, na maumivu yake yote hayo. Akayafunua kitandani. Akamlaza Punje katikati, akaanza kumfunga kama anavyofunga nguo za wateja wake, pembe juu ya pembe, mikunjo imenyooka, hakuna kinacholegea. Mama akikunja kitu kinakunjika. Alipomaliza, kilichobaki nje ni kipua tu na midomo.

"Haya," alisema, akakaa kitini na kuweka lile furushi mapajani, mbali na kifua chake. "Hiyo baridi ije sasa, tuone itapitia wapi."

Nikapumua. Ukweli ni kwamba nilipoa moyo kabisa. Mtoto alionekana nadhifu, ametulia, halii. Sikujua kwamba kutolia kwenyewe ndiko kulikuwa kubaya. Nikafumba macho.

Mume wangu hakukaa. Alikwenda akafunga dirisha. Akarudi, akaliangalia lile furushi kwa muda mrefu, kichwa upande, namna anavyoangalia kopo ambalo hajui kama limeganda mpaka katikati.

"Mama," alisema taratibu, "hayo mablanketi bado yana moto?"

"Nimeyapiga pasi kwa mkono wangu mwenyewe."

"Saa ngapi?"

"Ala! Nimekuwa mahakamani?"

Akarudi nyuma hatua moja, lakini hakuondoka pale.

Nesi aliporudi alimfungua Punje pembe moja tu, akapenyeza kipimajoto. Tukangoja. Aliposoma safari hii hakukunja uso. Uso wake ulikuwa mtulivu mno, na huo utulivu ndio ulionitisha.

"Ameshuka. Thelathini na nne na kidogo."

"Ameshukaje?" Mama alikuja juu. "Mablanketi matatu! Mazito! Hicho kidude chako kibovu!"

Niliogopa. Nilihisi tumbo limekuwa tupu, na kweli lilikuwa tupu, na aliyekuwa humo yuko mbele yangu anapoa na siwezi hata kunyoosha mkono. Nilitaka mtu yeyote afanye kitu chochote. Na ndipo mume wangu, yule ambaye hajawahi kumpinga mama hata kuhusu chumvi, akasogea na kuchuchumaa mbele ya kiti chake.

"Mama, samahani. Umemfunga vile sisi tunavyofunga barafu."

Mama akamtolea macho.

"Kiwandani, barafu ikitoka kwenda mbali, tunaizungushia maranda ya mbao, tunaifunika magunia, na tukipata mablanketi makuukuu ndiyo bora zaidi. Hayo maranda hayana baridi, Mama. Magunia hayana baridi. Yanazuia tu joto la nje lisiingie, na pande linafika zima. Blanketi halina moto wake. Linamtunzia mtu alichonacho. Mimi na wewe tukijifunika tunapata joto kwa sababu joto ni letu. Huyu hana. Tumemfunga na baridi yake ndani."

"Nimeyapiga pasi," mama alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Najua. Ila hilo joto la pasi limeshatoka njiani."

Hilo mama analijua, maana hakuna anayejua kuliko yeye kwamba shati lililopigwa pasi asubuhi likimfikia mwenyewe limeshapoa. Aliangalia lile furushi lake zuri mapajani.

"Kwa hiyo nimemhifadhia baridi," alisema. "Mimi. Kwa mikono yangu."

"Hukujua, Mama. Wateja wetu wenyewe wakiona tunafunika barafu blanketi wanapiga kelele itayeyuka. Kila mtu anadhani hivyo."

"Mtamaliza baadaye," nesi alikata. "Baba, vua shati."

Loo! Mume wangu alishtuka kuliko alipoambiwa mtoto ameshuka. Kuvua shati mbele ya mama mkwe! Alinitazama mimi kama ninaweza kumwokoa. Alishika kifungo cha kwanza, akakiachia. Mama ndiye aliyeamua. Alimkabidhi nesi mtoto, akainuka na kiti chake, akakigeuza, akakaa akiwa ameelekea ukutani, mgongo umenyooka.

"Vua, baba. Mimi naangalia rangi ya ukuta."

Shati likatoka. Lakini alibaki amesimama, mikono ameificha makwapani. "Nesi, mimi naogopa. Hunijui. Mimi nimekaa kwenye barafu tangu ujana wangu. Imeniingia."

Nesi hakubishana naye. Alikifuta kile kipimajoto kwa dawa, akamwinua mkono, akamwekea kwapani kama mtoto. Tukangoja wote, hata mama pale ukutani niliona amegeuza sikio. Kisha nesi akakitoa, akampa mwenyewe.

"Soma."

Akasoma. Akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akasoma tena. "Thelathini na sita, nukta nane."

"Eeh."

"Hiki si ndicho mama alichosema ni kibovu?"

"Si kibovu."

"Hii ni sawa na ya watu?"

"Ni sawa na ya watu, baba. Mikono inapoa kwa sababu ya kazi, lakini kifua hakijawahi kupoa hata siku moja. Kaa chini."

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu. Mtu mzima, baba wa nyumba, kumbe kwa miaka yote hiyo aliamini kabisa kwamba ana upungufu mwilini, na mimi nilikuwa namcheka na birika lake.

Nesi alimfungua Punje mkunjo baada ya mkunjo mpaka akabaki na nepi kavu tu, akamvalisha kichwani soksi yangu moja, maana kofia nilizoshona zote zilikuwa zinamfika mabegani. Akamlaza juu ya kile kifua, tumbo kwa tumbo, shavu kwenye mfupa wa kifua. Akawazungushia wote wawili shuka, akalikaza kwa fundo mgongoni. Kisha akayachukua yale mablanketi ya mama na kuwafunika nayo.

"Sasa ndiyo yatafanya kazi," alisema kwa sauti ya kutosha kusikika ukutani.

Mume wangu alikaa kama mtu aliyebebeshwa trei ya mayai. Mikono yake aliiacha nje, ameinyoosha pembeni kama aliyekamatwa na polisi. Baadaye ikachoka, akaiweka magotini. Ilibaki hapo.

Joto halina haraka. Mchana ule ulikuwa mrefu. Chumba kilikuwa kimya, feni limezimwa, mtu anafagia ukumbini, jua linasogea polepole juu ya sakafu. Mama aligeuza kiti robo, halafu nusu. Mwisho akawa anatutazama waziwazi, na hakuna aliyemtania. Nesi alipima: thelathini na tano. Akaenda, akarudi: tano na nusu. Mimi homa ilikuwa inanipanda na kushuka, na kila nikifumbua macho naangalia ile soksi. Kuna mara moja ikasogea. Punje akatoa sauti, kitu kidogo kama mlango wa kabati, kisha akaanza kutafuta titi kwenye kifua cha baba yake.

"Hapo umepotea njia, mwanangu," mume wangu alimnong'oneza, na machozi yakamdondoka juu ya soksi. Hakuyafuta. Nami nililia, na safari hii sikujali mshono.

Jioni nesi alipima tena. "Sita na kidogo. Bado padogo." Akainama, akachungulia chini ya shuka. "Anateleza. Fundo limelegea. Baba, mshike mgongoni kwa viganja, umwinue kidogo. Na viganja vitamziba upande huu wa nyuma."

Mume wangu akaangalia mikono yake pale magotini. "Hii hapana. Kifua sawa. Hii si ya kumgusa." Nikamwona anatazama huku na huku chumbani, na mimi peke yangu nikajua anatafuta nini. Anatafuta birika. Na pale wodini hapakuwa na birika.

Mama akainuka.

Alikuja polepole, maana bandeji zilikuwa zinamvuta, akasimama mbele yake. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Ilete hapa."

"Mama, ni baridi."

"Nimesema ilete. Nimeshika pasi kabla hujazaliwa, hii itanifanya nini?"

Akampa. Mama alipoishika nilimwona ameshtuka, mabega yalimpanda kidogo, kama siku ile ya uchumba. Lakini hakuiachia. Aliifunika yote miwili ndani ya yake, ile mikono yake yenye sugu ambayo haijawahi kupoa, akaipikicha, akaibana, akaituliza. Akavuta kiti kwa mguu, akakaa, magoti yao yakigusana, mtu na mama mkwe wake. Nesi alikuwa amemshikilia Punje kwa nje ya shuka, naye hakuwaharakisha. Tulikaa hivyo mpaka jua lilipoondoka sakafuni na kupanda ukutani, na uso wa mume wangu ukalegea kama wa mtu aliyevuliwa buti za kubana.

Kisha mama akaugeuza mkono mmoja, akauweka shavuni pake mwenyewe kuupima, kama anavyopima pasi kwa mbali kabla ya kugusa nguo ya mteja. Akaridhika. Akapima na wa pili. Akafunua ukingo wa blanketi, akaiingiza yeye mwenyewe chini ya shuka, mmoja baada ya mwingine, akailaza kwenye kile kimgongo.

"Haya, mwanangu," alimwambia. "Mshike mwanao."

Nesi alikuwa ameshapenyeza kipimajoto, akakitoa, akasema thelathini na sita na nusu, akasema mara ya pili kwa sababu hakuna aliyemjibu. Sisi tulikuwa tunaiangalia ile soksi. Punje alikunja uso kidogo, akaukunjua, akaendelea kulala juu ya baba yake, na ile mikono mipana imemfunika mgongo wote.

Hakushtuka.